Sauti Iliyokataa Kipimo

Tulipoachana wiki iliyopita, mpiga pasi wetu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya nesi, mkono mmoja juu ya tumbo ambalo bado halijaonekana, na masikio hayaamini yaliyosikia. Nesi alikuwa amemwambia, kama mtu anayetaja jambo la kawaida tu, kwamba majibu ya kipimo chake yalishatolewa zamani. Na kwamba yeye mwenyewe alizungumza nao kwenye simu, akasema hataki kipimo cha pili.

Yeye mwenyewe! Mwanamke ambaye kila jioni alimuuliza mumewe kama hospitali wamepiga, na kila jioni akajibiwa, "Bado, mke wangu."

"Sijapokea simu yoyote," alisema.

Nesi akatazama kompyuta yake, kisha akamtazama yeye. Akamuuliza kwa upole kama ana uhakika, maana wajawazito wa miezi ya mwanzo husahau mambo. Mpiga pasi akamjibu kwamba mtu anaweza kusahau mwavuli, lakini si simu ya namna hiyo.

Ni kweli namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya mumewe, yule kinyozi. Aliitoa yeye kwa hiari yake. Kule hotelini anakopiga pasi, simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini tangu siku ile simu ya mwenzao ilipoingia kwenye mashine ya kufulia ndani ya foronya, ikatoka imetakata na imekufa. Nani angempokelea simu kama si mume? Kinyozi yupo dukani kutwa, simu iko mfukoni, na mdomo wake haukosi neno. Alimwamini, basi.

"Alipokea mwanaume kwanza," nesi alieleza. "Akasema mkewe hayupo karibu, tupige baada ya muda kidogo. Tulipopiga tena akapokea mwanamke. Tukamuuliza jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, ndivyo tunavyofanya kwa kila mtu kabla ya kumpa majibu. Akazitaja bila kusita."

 Mpiga pasi akauliza huyo mwanamke aliambiwa nini.

Nesi akavuta kiti karibu. Sasa alizungumza polepole, na ilionekana wazi kwamba na yeye ameanza kuogopa. Akasema kipimo cha damu na ile picha ya kupima maji nyuma ya shingo ya mtoto havisemi kwamba mtoto ana tatizo. Vinasema uwezekano tu. Kwake yeye, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down, yaani kromosomu moja ya ziada, umetoka kuwa mkubwa kuliko kawaida. Huenda mtoto hana lolote. Anayetaka kujua kwa uhakika hufanyiwa kipimo cha pili, cha sindano, ambacho kina hatari yake ndogo ya kuharibu mimba. Ni hiari ya mama. Wapo wanaokubali na wapo wanaokataa, na hakuna anayelaumiwa.

"Lakini mimi sikukataa," alisema mpiga pasi. "Sikuulizwa."

"Naona," nesi alisema. "Na sisi tumekosea. Jambo kama hili tungekuita uje."

Kisha akakumbuka kitu. Akasema yule mwanamke kwenye simu alijibu kila swali vizuri mpaka swali la mwisho. Alipoulizwa kama kwenye ukoo wao kuna mtu aliyezaliwa na hali hiyo, alinyamaza. Nesi akadhani ni mtandao. Akarudia swali, na simu ikakatwa.

Mpiga pasi akasema yeye swali hilo alishalijibu siku ya kwanza. Kwao hakuna.

"Ulizia tena," nesi alimwambia. "Mara nyingi hali hii hujitokeza tu, haitoki kwa mtu yeyote. Ila mara chache hutembea kwenye ukoo, na ikiwa hivyo, daktari atapima na damu yako, na ushauri atakaokupa utakuwa mwingine kabisa. Kama kwenu yupo aliye nayo, damu yake ingetueleza mengi. Daktari yupo kesho asubuhi. Nakuwekea nafasi, lakini usije na jibu la kubahatisha."

Akamwandikia namba yake ya mkononi kwenye kiganja, kwa kalamu, maana karatasi hakuiona haraka.

Mpiga pasi akatoka. Alijua jambo moja tu, na alilijua vizuri: alitaka kujua anamsubiri nani. Hakutaka kujua ili amkatae. Alitaka kujua ili siku akimpokea asiwe ameduwaa. Sasa mtu fulani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akavaa jina lake, akaamua kwa niaba yake. Na mume wake ndiye aliyemshikia mtu huyo simu.

Sasa wewe msomaji, kama ungekuwa yeye, ungefikiria nini? Basi na yeye akafikiria hilo hilo. Akamfikiria muuza vocha.

Muuza vocha ana kibanda chake ubavuni mwa duka la kinyozi. Ni msichana mwenye kucha ndefu ambaye hucheka kila kinyozi akifungua mdomo, hata kinyozi akisema umeme umekatika. Njiani mpiga pasi alimhukumu, akamfunga, akatupa ufunguo. Alishaona jinsi kinyozi alivyompa simu, jinsi kucha zile zilivyoishika, jinsi sauti ile ilivyojifanya ya mke. Machozi yakamtoka barabarani mchana kweupe na hakuyafuta.

Dukani kinyozi hakuwepo. Taulo ilikuwa inaning'inia kwenye kiti, mashine imechomolewa. Kwenye benchi alikaa mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi, mikono juu ya fimbo, anasubiri kama mtu aliyezoea kucheleweshwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Leo umenikumbuka."

Mpiga pasi hakuelewa. Akauliza mumewe yuko wapi. Mwalimu akasema ametoka mbio, na kwamba siku hizi kutoka mbio ndiyo kazi yake, kunyoa anafanya akipata nafasi. Akainamisha kichwa amwonyeshe. Upande wa kushoto nywele zilikuwa fupi kuliko kulia.

"Hii ni kazi ya siku ile simu ya hospitali ilipopigwa," mwalimu alisema. "Nimekaa hapo kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Simu ikaita. Mumeo akasikiliza, akaweka mashine chini, akatoka bila kuniambia hata samahani. Miaka yote ninanyoa hapa, sijawahi kuona akiacha kichwa katikati. Nikabaki na shuka shingoni kama mtoto. Baadaye ndiyo mkarudi wote wawili mkapita ndani."

"Sisi wote wawili?"

"Wewe na yeye. Si ulikuja kupokea simu?"

Mpiga pasi akashika mlango. Akamuuliza mwalimu kama alimwona uso huyo mwanamke.

Mwalimu akacheka kidogo. Akasema akinyolewa huvua miwani, na bila miwani hata mkewe humtambua kwa kukohoa. Uso hakuuona. Lakini sauti aliisikia vizuri kupitia pazia, na sauti ya binti huyu anaijua. Ilikuwa ni ile ile.

"Ila nilikukasirikia," aliendelea. "Nikasema binti huyu ana adabu siku zote, leo amekumbwa na nini? Umepita mbele yangu ukaniambia 'Habari za leo, mwalimu', kama tumesoma darasa moja. Hukuniamkia."

Mpiga pasi akageuka kutazama nje.

Kando, kwenye kibanda, muuza vocha alimwona, akapunga mkono wenye kucha zake. "Shikamoo, dada," akasema. Akamgeukia na mwalimu, akamwamkia na yeye. Msichana yule huwaamkia watu wote, hata wanaomzidi miaka miwili.

Si yeye, basi. Kesi ile ikafutwa hapo hapo, na mpiga pasi akajisikia vibaya kwa yote aliyomwazia mtoto wa watu.

Lakini ahueni haikudumu. Kwa sababu sasa alianza kuhesabu vitu alivyovijua. Mwanamke mtu mzima, rika la mwalimu, asiyekuwa na sababu ya kumwamkia. Mwenye sauti kama ya kwake. Na anayejua tarehe yake ya kuzaliwa bila kusita, wakati kinyozi mwenyewe, tangu waoane, hajawahi kuikumbuka mpaka akumbushwe, na mwaka jana alimpongeza mwezi ambao siyo.

Watu wanaoijua tarehe ile kwa moyo, duniani, hawajazi hata kiganja. Mmoja wao alikuwepo siku yenyewe.

Aliondoka bila kumuaga mwalimu.

Nyumba ya mama yake haiko mbali, mitaa michache tu. Mama ni fundi wa mapazia. Sebule yake imejaa vitambaa mpaka mgeni hukosa pa kukaa, na cherehani haizimwi ila kwa msiba. Leo cherehani ilikuwa kimya. Mlangoni, pembeni ya kandambili za mama, palikuwa na viatu vya kinyozi. Mpiga pasi mwenyewe alivipiga rangi asubuhi.

Akasikia mumewe ndani akisema, "Mama, amekwenda hospitali leo. Amekwenda mwenyewe. Mimi siwezi tena."

Na mama akajibu kwamba amwachie, atazungumza naye, atajua la kusema.

Mpiga pasi akaingia.

Kinyozi aliruka juu kama aliyekalia sindano, na kwa wingi wa sindano mle ndani huenda ndivyo ilivyokuwa. Mama hakuruka. Alibaki ameshika kitambaa cha buluu mapajani, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomuumiza mpiga pasi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa tabasamu lile lile la kumkaribisha la siku zote.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Nikupe chai?"

"Mama, nilizaliwa lini?"

Mama akashusha macho kwenye kitambaa.

"Kwenye simu uliitaja vizuri," mpiga pasi alisema. "Hukusita, nesi ameniambia. Itaje na hapa, mbele ya mume wangu, labda na yeye atajifunza."

Kinyozi akaanza kusema mke wangu nisikilize. Mkewe akamwambia anyamaze, zamu yake inakuja.

Mama hakujitetea sana. Hilo nalo lilimshangaza mpiga pasi, aliyekuja amejiandaa kwa ugomvi. Mama alikiri kwamba kinyozi alipopata simu alimkimbilia yeye, akihema, akiuliza afanye nini. Akakiri kwamba ni yeye aliyesema, twende, nitaongea mimi. Alisema alitaka kumwepusha. Sindano ya tumboni si mchezo, mimba imetafutwa kwa muda mrefu, akiipoteza je? Na kama mtoto angekuwa hivyo, si angekuja tu na wangempenda?

"Hayo yote ungeniambia mimi," mpiga pasi alisema. "Ningekusikiliza. Pengine ningekubaliana na wewe nikakataa sindano. Lakini ningekataa mimi, mama. Ni tumbo langu. Kwa nini hukuniambia?"

Mama akakunja kitambaa cha buluu, akakikunjua, akakikunja tena.

Mpiga pasi alimfahamu mama yake. Aliona kwamba yaliyosemwa ni ya mbele, na nyuma yake kuna jingine. Akakumbuka simu iliyokatwa.

"Nesi alikuuliza kama kwetu kuna mtu aliyezaliwa hivyo. Ulinyamaza. Kesho asubuhi nitaulizwa tena, na safari hii ninayeulizwa ni mimi. Nijibu nini?"

Kinyozi alitazama sakafu. Kinyozi, mtu asiyekosa neno, alitazama sakafu kana kwamba ameangusha kitu.

"Ulikuwa na kaka," mama alisema.

Hilo halikuwa jipya. Mpiga pasi alikua akijua kwamba kabla yake alizaliwa mtoto wa kiume, akafa kwa homa akiwa mdogo, na kwamba haifai kumtaja kwa sababu mama hulia. Akasema anajua. Akauliza kama mtoto yule alikuwa na hali hiyo.

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Na ndiyo iliyomuua?"

"Hakufa," mama alisema.

 Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea.

Ndipo yakatoka yote, kwa sauti ile inayofanana na ya binti yake mpaka ilitisha kuisikiliza. Baba yake mpiga pasi, alipomwona mtoto, alisema huyu si wa kwao, akamtaka mama achague. Mama alikuwa na miaka michache kuliko aliyo nayo mpiga pasi leo, hana kazi, hana pa kwenda. Akampeleka mtoto kwenye kituo cha kulelea watu wenye ulemavu, nje ya mji, akarudi akawaambia majirani amezika. Baadaye baba akaondoka hata hivyo. Lakini uongo ulishazoeleka, na binti alishazaliwa, na kila mwaka ulivyopita ilikuwa vigumu zaidi kusema.

"Ungejua habari za mtoto wako, ungeuliza habari za wangu," mama alisema. "Niliogopa hilo. Sikuogopa sindano."

Mpiga pasi aliuliza, kwa sauti ndogo, ni nani amekuwa akienda kumwona miaka yote hii.

"Mimi, nikiweza. Na mumeo. Ndiye anayemnyoa."

Mpiga pasi akakaa juu ya mapazia ya watu.

Kinyozi huenda kituoni kila mwisho wa mwezi, siku duka limefungwa. Hunyoa watu wa pale bure. Mpiga pasi alijivunia jambo hilo kuliko jambo lolote lingine la mumewe. Aliwasimulia wenzake kule kazini, mume wangu ana roho nzuri. Yeye ndiye aliyempigia pasi mashuka ya kunyolea kila alipokwenda. Lilikuwepo moja jeupe ambalo alilibadilishia kamba ya shingo, akaweka utepe laini, kwa sababu kinyozi alimwambia kuna mteja mmoja asiyependa kubanwa shingo, akibanwa hulia. Alilishona kwa mkono wake, akalinyoosha vizuri, akalikunja, akampa. Alimshonea kaka yake bila kujua.

"Ulianza lini kujua?" akamuuliza mumewe.

"Kabla sijakujua wewe," kinyozi alisema. "Mama alinitafuta kwa sababu ya kaka yako. Anaogopa mashine, nikamnyoa kwa mkasi. Baadaye ndiyo nikakuona wewe hapa, siku nilipokuja kuchukua ujira wangu, maana wakati ule mama alikuwa akinilipa. Nikaahidi sitasema. Nilidhani siku moja mama atasema mwenyewe."

"Kwa hiyo wote wawili mlinitazama usoni, siku ya harusi yangu, mkijua."



Mpiga pasi alinyoosha mkono. Kinyozi alidhani anataka kushikwa, akaupokea, na akaachwa na aibu yake, maana kilichotakiwa ni simu. Akaitoa mfukoni, akampa. Mpiga pasi akafungua kiganja kingine, akasoma namba ya nesi kwa wino uliokwisha kuvuja kwa jasho, akapiga.

Mama akasema, "Mwanangu, subiri."

Hakusubiri. Nesi alipopokea, mpiga pasi alitaja jina lake kamili. Akataja tarehe yake ya kuzaliwa kabla hajaulizwa, polepole, akimtazama mama yake machoni.

"Safari hii ni mimi kweli," alisema. "Lile swali lako, jibu ni ndiyo. Ni kaka yangu, tumbo moja. Yuko hai. Kesho asubuhi nakuja, na nitajitahidi kuja naye. Leo hii nakwenda kumwona."

Nesi alianza kumweleza waje na kitu gani na wapite mlango upi. Lakini mpiga pasi alikuwa ameacha kusikiliza, kwa sababu kinyozi alikuwa amesogea mpaka mbele yake, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa.

"Usiende," kinyozi alisema. "Sio leo. Sio hivi hivi."

"Kwa nini nisiende?"

"Anakujua. Ana picha yako, nilimpa mimi. Kila nikienda kumnyoa alikuwa ananiuliza utakuja lini, kila mwezi, swali hilo hilo." Akamgeukia mama mkwe wake amsaidie, na mama akaficha uso kwenye kitambaa cha buluu. "Tulichoka kudanganya. Mwezi uliopita mama akasema nimwambie umekufa. Nikamwambia. Alikulilia mpaka nikashindwa kumaliza kumnyoa."

Simu bado ilikuwa mkononi mwa mpiga pasi, na sauti ya nesi ilitoka ndani yake ikiwa ndogo, ikiuliza.

"Haloo? Dada, bado upo?"

Mpiga pasi akaiinua simu sikioni. Akamtazama mama yake, kisha mumewe.

"Nipo," alisema.